Mama, ajali ilianzia kwenye daftari lako

Usagara, Jumapili jioni

Mwanangu, mama yangu,

Sisi huku hatujambo. Umeniuliza umfanye nini mhudumu wako aliyeingiza gari mtaroni pale Buhongwa akitoka kumwogesha mgonjwa nyumbani kwake: umfukuze, umkate mshahara, au umrudishe kwenye mafunzo ya udereva? Namshukuru Mungu katoka na michubuko tu. Ila nimeitazama ile picha ya daftari la zamu uliyonitumia, nikaacha kumlaumu binti wa watu.

Umemwandikia mgonjwa wa Nyegezi saa moja hadi saa mbili, na wa Kisesa saa mbili hiyohiyo. Barabarani apite saa ngapi? Halafu Pasiansi, halafu jioni Buhongwa. Umemzungusha mji mzima wa Mwanza kama konda! Mtu huyo amechelewa kabla hajawasha gari, na aliyechelewa hata umhubirie vipi hatakwenda taratibu.

Wapange kwa barabara. Nyegezi, Mkolani na Buhongwa ziko njia moja ya Shinyanga, mpe mmoja. Igoma na Kisesa njia ya Musoma, mwingine. Kirumba na Pasiansi njia ya uwanja wa ndege. Kati ya mgonjwa na mgonjwa andika muda wa safari, uuone kwa macho. Na zile nyumba za Bugarika zilizo juu ya mawe, hesabu na kupanda kwa miguu, maana gari linabaki chini.

Usingizi nao. Hili sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa naendesha lori, bosi wangu wa wakati ule alinituma Shinyanga usiku, baada ya kushinda nikishusha mzigo. Karibu na Mabuki nikadhani nimepepesa tu. Kufumbua macho, niko upande wa kulia wa barabara, ng'ombe kasimama ananitazama kwenye taa. Mama yako nilimwambia breki zilikuwa mbovu.

Sasa huyo wako anageuza wagonjwa kitandani siku nzima. Aliyeamka saa kumi alfajiri, ikifika saa tatu usiku ana saa 17 yuko macho, na waliopima wanasema uendeshaji wake unakaribiana na wa mtu aliyekwisha kunywa pombe. Aliyekesha kwa mgonjwa asishike usukani asubuhi. Mpe nauli ya daladala. Bampa ni ghali zaidi.

Na simu, mama, anayempigia ni wewe. "Umefika wapi?" Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, sekunde 5 za kusoma ujumbe wako ni karibu mita 70 gari linakwenda bila mtu kuangalia mbele. Akutumie ujumbe yeye, akiwa amefika na kuzima gari. Ukiwa na haraka, vumilia.

Kile kiti cha magurudumu nimekiona kimelazwa siti ya nyuma. Kiende kwenye buti, kifungwe kamba. Ukikanyaga breki ghafla kitamfuata dereva kisogoni.

Mshahara usimkate. Jumamosi niletee gari. Tairi la nyuma kushoto, hata kwenye picha linaonekana kipara. Na daftari uje nalo, tukae barazani tulipange upya. Mama yako atakuwa amekaanga sato.

Baba yako