Mlangoni mwa Sabaki, fuata maji

Tangu nilipotaja matembezi ya kutazama ndege kwenye mlango wa Mto Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi, wasomaji wa Nairobi wameniandikia kwa wingi. Haya hapa maswali yao machache.

*Naishi Kariobangi. Jirani ananiambia maji ya Mto Nairobi huishia huko Sabaki. Ananitania?*

Hakutanii. Mto Nairobi humwaga maji yake katika Athi. Athi nao hushuka Ukambani, ukakutana na Mto Tsavo, ukaitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Ni mto mmoja, wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana. Njiani huzoa udongo mwekundu, ndiyo maana mvua zikinyesha bara bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo hutua mlangoni, likawa makao ya minyoo na kaa wadogo, na hao ndio chakula cha ndege. Takataka zetu pia husafiri njia hiyo hiyo. Sipendi kulisema mbele ya watu wa Mambrui, walio jirani na mlango huo, lakini ndivyo.

*Nilifika saa nne asubuhi nikaona vidoa tu kwa mbali. Ndege wenyewe huja saa ngapi?*

Walikuwepo, ila ulifika maji yamekupwa. Maji yakitoka, kitwitwi na wenzao hutawanyika kwenye tope lote kutafuta chakula, na hata darubini nzuri haikusaidii sana. Yakianza kujaa, tope hupungua, nao husogea hatua kwa hatua mpaka wakarundikana kwenye mafungu ya mchanga pamoja na shakwe, buabua na heroe. Fika mapema, muda wa saa mbili hivi kabla ya maji kujaa, ukae kimya, uwaache waje.

Kwa hiyo panga safari kwa mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mpevu au mchanga, maji ya pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa kuelekea saa kumi alasiri. Mimi napenda siku hizo: jua la alasiri liko mgongoni ukitazama baharini, na rangi za ndege zinaonekana. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, kujaa huangukia asubuhi. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50, basi muulize mvuvi yeyote wa hapo jioni ya kuamkia matembezi. Atakujibu bila kutazama saa.

*Mwezi gani wa mwaka ni bora?*

Inategemea unamtaka nani. Kuanzia Septemba hadi Aprili kuna wageni wa kaskazini, wakiwemo kitwitwi waliozaliana Siberia. Lakini usiudharau Agosti. Ndipo makundi makubwa ya ndege aitwaye kitaalamu Glareola ocularis hukusanyika hapo. Huyu huzaliana Madagaska na kuvuka bahari kuja kwetu. Huruka kama mbayuwayu, akila wadudu hewani. Ningechagua mwezi mmoja tu, ningechagua huo.

*Nina watoto wawili, wa miaka sita na tisa. Ni salama?*

Ndiyo, mkiwa na kijana wa hapo anayeijua njia. Mtoni kuna viboko na mamba, kwa hiyo watoto wasichezee ukingoni, na muwe mmeondoka ifikapo saa kumi na moja jioni, kabla viboko hawajatoka kula majani. Tope lingine humeza mguu mpaka gotini.

*Sina gari wala darubini. Nikae nyumbani?*

La. Treni ya SGR hadi Mombasa, matatu hadi Malindi, kilomita kama 120, kisha matatu ya kuelekea Mambrui. Shuka darajani Sabaki. Lala Malindi angalau usiku mmoja, maana kwenda na kurudi siku moja ni kujitesa. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya milimita 42, inatosha, azima kabla ya kununua. Na ukitaka kuzoea macho kwanza, chama cha wapenda mazingira cha Nature Kenya huwa na matembezi ya ndege Jumatano asubuhi, wakianzia Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi. Wakongwe wa pale huonyesha wageni bila maringo, mradi uzime simu.