Jibu: Picha za maonyesho kupinda ukutani bendi ikipiga

Ndugu, mmeuliza kwa nini picha za maonyesho yenu huenda upande ukutani bendi ikipiga: kinachozipindisha ni besi, yaani sauti nzito za chini. Mtikisiko hupita sakafuni hadi ukutani, na fremu iliyoning'inia kwenye msumari mmoja huteleza kidogo kidogo. Tundika kila fremu kwa misumari miwili iliyoachana walau theluthi ya upana wake, kisha bandika vipande vya mpira nyuma, kwenye pembe mbili za chini. Spika za besi zisogeze mbali na ukuta huo, zikae juu ya mpira mzito.

Kitovu cha picha kiwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Na tafadhali, michoro ya rangi za maji msiimulike kwa taa za jukwaa: rangi ikishafubaa hairudi.