Unesi wa afya ya akili unahamia majumbani, jiandaeni

Wadogo zangu mnaosomea unesi hapa Tanga, mnanifata sana inboksi mnauliza eti nikichukua afya ya akili si ntaishia hospitali ya Mirembe tu? Hapana. Kazi yenyewe inahama, inatoka wodini inaenda zahanati na majumbani kwa watu.

Zamani mgonjwa aliwekwa mbali. Hospitali ya akili ya Lutindi ipo juu milimani kule Korogwe tangu enzi za Mjerumani, Mirembe ya Dodoma nayo ni ya 1927. Ila toka 2008 Shirika la Afya Duniani linasukuma mpango wa mhGAP, yani sonona, kifafa na saikosisi (mtu anaona au kusikia visivyokuwepo) vihudumiwe hukuhuku chini na nesi wa kawaida aliyefundishwa. Harare wanatumia hadi mabibi wa mtaani, wanakaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki wanamsikiliza, na utafiti wa 2016 ulionyesha dalili zinapungua kweli.

Kwahiyo jifunzeni kumsikia mtu kwenye simu. Kuna mama huwa nampigia kumuulizia kijana wake, ananijibu "hajambo nesi, anakula vizuri". Namuuliza usiku analala? Kimya. Hebu mama chukua dawa zake uhesabu nikiwa hewani, anahesabu weee, vidonge vimebaki kibao, kumbe kijana kaacha kunywa maana anajiona kapona. Hapo ndo unamuwahi daktari muongee habari ya sindano ya mwezi, ile anayochomwa mara moja kwa mwezi badala ya vidonge vya kila siku, kabla kijana hajaletwa kafungwa kamba.

Na tafadhali msiwacheke wanaoenda kwa waganga. Huku pwani wengi wanaanzia kupungwa pepo ndo wanakuja kwetu, ukimcheka mama anakuficha, na akikuficha hutajua mgonjwa kanyweshwa mizizi gani juu ya dawa zako. Uliza kwa heshima tu, atakwambia.

Halafu kuna hawa vijana wa unga. Methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa badala ya heroini, ilianza Muhimbili 2011 na sasa imefika mikoani, mgonjwa anakuja kuinywa mbele yako kila siku, wewe nesi ndo utamuona kuliko daktari, sasa kama huwezi kumsalimia bila kumkunjia uso hatorudi.

Programu za simu zinakuja na zitasaidia kukumbusha dozi, sawa, ila haziwezi kuona kwamba mtu hajaoga wiki nzima. Ukipangiwa fildi omba kliniki ya nje, na akitokea nesi anayefatilia wagonjwa majumbani mwambie nibebe na mimi.