Plagi ya Tatu Imekataa Kutoka

SWALI: Nina Toyota Corolla DX ya mwaka wa 1982 niliyoachiwa na marehemu baba, nayo imeegeshwa uani kwa miaka kadhaa. Nilipoamua kubadilisha plagi zinazotoa cheche ndani ya injini, tatu zilitoka bila shida, lakini ya silinda ya tatu inageuka robo mzunguko kisha inakaza, na mara ya mwisho ililia kama bawaba ya mlango iliyokauka. Jirani ananishauri nivishe bomba refu kwenye mkono wa spana nipate nguvu zaidi. Nifanyeje?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, bomba la jirani yako mrudishie kwa heshima. Plagi ni kitu cha bei ndogo ambacho ulikuwa unakitupa hata hivyo; unachopaswa kukilinda ni tundu lake. Silinda hedi ya injini hiyo, yaani kifuniko cha juu ya silinda, ni ya aluminiamu na ganda la plagi ni la chuma, na metali hizi mbili zikikaa pamoja penye unyevu kwa miaka, aluminiamu huliwa na kutoa unga mweupe unaojaza nafasi kati ya nyuzi, yaani ile mikato ya skrubu. Upande wa ndani, masizi nayo huganda kwenye nyuzi za mwisho.

Mlio ulioueleza ndio habari kubwa katika barua yako. Maana yake ni kwamba vipande vidogo vya aluminiamu vimeanza kung'oka na kujiviringisha kati ya nyuzi, na kila unapolazimisha plagi itoke, vinachimba zaidi. Kwa hiyo ikaze tena, uirudishe ilikokuwa, uiache hapo.

Sasa safisha shimo. Hata fundi wa pancha aliye karibu nawe atakupulizia hewa ya kompresa, maana mchanga wa uani ukidondokea ndani ya silinda utakuwa umejiongezea kazi ya pili. Kisha dondoshea mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka shingo ya plagi, matone machache tu, ulaze gari usiku kucha na kurudia asubuhi. Usiyamwage kama maji ya kunawa; yakijaa ndani ya silinda yataosha oili inayolinda ringi za pistoni.

Kwa kawaida plagi hutolewa injini ikiwa baridi, kwa sababu nyuzi za aluminiamu huharibika kwa urahisi zaidi zikiwa moto. Hii iliyokwama, hata hivyo, naona inastahili kutendewa tofauti kidogo: aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo injini ikiwa vuguvugu, kiasi cha kuweza kuishika kwa mkono bila kuungua, tundu hulegea kidogo. Kama gari haliwaki, kitambaa kilicholoweshwa maji moto na kukamuliwa, kikizungushiwa hapo kwa dakika kumi, kitasaidia. Moto wa gesi usiulete karibu na kabureta.

Tumia spana ya boksi ya 21 yenye pembe sita, si ile ya pembe kumi na mbili inayokula kona, na uishike wima kwa mkono mmoja ili isiinamie upande na kuvunja kauri. Legeza moja ya nane ya mzunguko, kaza nusu ya hiyo, ongeza tone la mafuta, legeza tena. Kazi hii inaweza kukumalizia saa nzima, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Ikilia, rudi nyuma.

Ikitoka, pitisha tapu, yaani kifaa cha kukata na kusafisha nyuzi za tundu, ya M14 (kipenyo cha milimita 14) yenye hatua ya milimita 1.25 kati ya uzi na uzi, mifereji yake ikiwa imejazwa grisi ya kunasa vumbi la aluminiamu. Plagi mpya ianze kwa vidole pekee. Pete yake ikigusa hedi, ongeza nusu mzunguko hadi theluthi mbili, au nyutoni mita 25 hadi 30 kwa mwenye spana ya kupima.

SWALI: Yangu ilitoka na nyuzi zote za tundu. Fundi anasema lazima ninunue silinda hedi nyingine. Ni kweli?
Msomaji, Ruiru

JIBU: Mara nyingi si kweli. Tundu hupanuliwa, likakatwa nyuzi mpya, kisha likavishwa koili ya chuma ambayo plagi huingia ndani yake. Mafundi huiita helikoili, na ukiulizia Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, utaelekezwa kwa wanaoifanya. Hedi nyingine itahitajika ikiwa kuna ufa kati ya tundu na kiti cha vali. Mwambie fundi afungue hedi kabla ya kutoboa, kwa sababu chenga za aluminiamu zikibaki ndani ya silinda zitakwaruza kuta zake siku ya kwanza utakapoliwasha.