Babu wa Coventry na ndizi zilizopinda

SWALI: Habari zenu wahariri. Niko Coventry, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Kuna babu mmoja kila asubuhi lazima chai ya maziwa na gazeti lake, na mpaka leo ananiambia Umoja wa Ulaya ulikataza ndizi zilizopinda. Nikimwonyesha ya kwake pale mezani imepinda kama mundu, ananijibu "nilisoma mwenyewe". Sasa jamani, ni kweli magazeti ndo yaliwatoa Waingereza Ulaya au tunayasingizia tu?

JIBU: Dada pole na kazi. Babu hajaota, kanuni ilikuwepo kweli, ni ya mwaka 1994, ila ilikuwa ya kupanga ndizi madaraja sokoni, na daraja la pili liliruhusiwa hata likiwa na kasoro ya umbo. Magazeti yakaandika "Brussels imekataza ndizi" (Brussels ndo makao makuu ya Umoja wa Ulaya), watu wakacheka na wakakasirika hapohapo, na ndo iliyobaki kichwani. Habari za aina hii zilikuwa nyingi miaka ile, hata Boris Johnson kabla ya siasa alikuwa mwandishi wa Daily Telegraph kulekule Brussels, 1989 mpaka 1994, na alijulikana kwa kuandika hivohivo.

Ila kusema gazeti ndo limembadilisha mtu ni kazi ngumu, manake asiyeipenda Ulaya ndo anayenunua gazeti lisiloipenda Ulaya, sasa nani kaanza? Hapo ndo nakupeleka Liverpool. Aprili 1989 mashabiki wao wa mpira walibanwa kwenye msongamano uwanja wa Hillsborough, mjini Sheffield, waliokufa walifika 97, na siku 4 baadaye The Sun, gazeti mojawapo lisiloipenda Ulaya, likawazushia mashabiki kwamba waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi. Ulikuwa uongo mtupu. Mji mzima ukalisusa, wauza magazeti wengine wakakataa hata kuliweka kwenye meza, na kususa huko hakukuhusu Ulaya hata kidogo, walikuwa wanalilia watu wao. Watafiti wawili, Florian Foos na Daniel Bischof, wakafuatilia maoni ya watu wa Merseyside, yaani Liverpool na miji ya jirani, kabla na baada ya kususa, wakakuta chuki dhidi ya Ulaya ilipungua kule ukilinganisha na kwingine. Kura ya 2016 Uingereza nzima ikaamua kutoka kwa 52 kwa 48, Liverpool 58 katika 100 wakasema tubaki!

Utasema Merseyside pia ilipata hela nyingi za maendeleo kutoka Ulaya kuanzia 1994, ni kweli, na siwezi kukuambia gazeti ndo kila kitu, kuna uhamiaji, kuna mishahara, kuna viwanda vilivyofungwa. Lakini mimi naamini magazeti yalifanya kazi kubwa, na sio ile wiki ya kura, ni ile haba na haba ya miaka 25, leo ndizi, kesho soseji, keshokutwa matango, hakuna anayerudi kusahihisha kwa herufi kubwa kama zile za kwanza. Hilo linaniuma hadi leo.

Babu usibishane naye, yeye kasoma hayo miaka thelathini na wewe una dakika kumi za chai. Muulize tu alisoma gazeti gani na siku hiyo alikuwa wapi, mwache asimulie, halafu tuandikie alichosema.