Maswali Yenu: Wageni Wanachoka Kabla Njia Haijaisha

SWALI: Naongoza matembezi ya saa moja na nusu hifadhini. Majina ya miti nayajua yote, na nasimama kila penye kitu cha kuonyesha. Lakini hata nusu saa haijafika, watu wameshatoa simu. Nakosea wapi?

JIBU: Unasimama mno, na vituo vyako havijuani. Kabla ya kutoka, andika sentensi moja kamili. "Miti" ni mada tu. "Mti uliokufa hulisha walio hai" ni sentensi, na yenyewe itakuchagulia vituo: mti mkavu wenye tundu la gogota, gogo lililoota uyoga, mche uliochipua juu ya gogo lililooza. Vituo 5 hadi 7 vinatosha, dakika 4 au 5 kila kimoja. Kisichoingia kwenye sentensi kiache kipite, hata kama ndicho unachokipenda. (Mnyama mkubwa akikatiza njia, bila shaka, sentensi itasubiri.)

Usianze kusema mpaka wa mwisho kwenye mstari afike. Anayekuta maneno yameshaanza hufungua mazungumzo yake nyuma huko. Simama jua likupige wewe usoni, wageni walipe mgongo.

Gogo ndilo kituo chenye utajiri, na ndipo wengi wanapoharibu. Hakikisha hakuna mtu upande wa pili, kisha livute kuelekea kwako ili ukingo wa mbali ndio uinuke: nyoka au nge akiwemo, atatokea kule kusiko na watu. Halafu nyamaza. Uliza, "Mnaona nini?" na uhesabu kimoyomoyo hadi 10. Ukijijibu mwenyewe sekunde ya tatu, watakuachia kazi hiyo mpaka mwisho wa safari. Unapolirudisha, wasogeze wadudu pembeni kwanza, ulishushe polepole. Watarudi wenyewe chini yake. Gogo lililoachwa limepinduliwa hukauka, na waliokuwa wakiishi kwenye unyevu wake hufa au kuhama.

SWALI: Nawapa watoto lenzi za mkononi, wanasema hawaoni kitu.

JIBU: Wanaishika lenzi mbali na jicho, kama kwenye katuni za wapelelezi. Lenzi ya kukuza mara 10 huona vizuri kitu kilicho umbali wa kama sentimita 2.5 tu. Mtoto aiweke karibu kabisa na jicho, ngumi iegemee shavu isitikisike, kisha jani ndilo lisogezwe mpaka lionekane wazi. Waanzishe na upande wa chini wa jani la kangaga. Yale madoa ya kahawia watadhani ni ugonjwa au mayai ya wadudu. Waache wabishane kidogo kabla ya kuwaambia kwamba ni mafungu ya vifuko vya spora, ambazo kangaga huzaliana nazo badala ya mbegu.

SWALI: Kwenye matembezi ya usiku, kila mgeni abebe tochi?

JIBU: Abebe, lakini izimwe na ikae mfukoni kwa dharura. Macho huhitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwako mmoja mweupe huwarudisha wote mwanzo. Taa mbili nyekundu zinatosha: moja yako mbele, nyingine ya msaidizi anayefunga mstari. Na kioo cha simu ni tochi pia, liseme hilo kabla hamjaondoka.