Flashi ya mteja na shotikati zisizofunguka

SWALI: Shikamoo dada. Nina steshenari ndogo Ubungo karibu na chuo, natoa kopi na kuprinti. Juzi kaja binti na kazi yake ya chuo kwenye flashi, kufungua tukakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, yaani zile ikoni za njia ya mkato, akaanza kulia palepale kaunta eti nimemfutia. Kompyuta yangu nimeinyima intaneti makusudi ili niwe salama. Na hii vita ya mtandao inayosemwa redioni, sisi wadogo inatuhusu kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mtafute huyo binti leo hii, mwambie asifomati flashi, maana kwa ulivyoeleza kazi yake haijafutwa, imefichwa tu. Kirusi cha namna hiyo kinaficha mafaili halisi kinaweka shotikati zenye majina yaleyale, ukibonyeza ndo unakiamsha, kinahamia kwenye kompyuta yako na kila flashi inayofuata inaondoka nacho. Skani kompyuta na flashi kwa antivairasi, kisha fungua cmd, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, kama flashi inasoma E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* bonyeza enter usubiri. Mara nyingine mafaili yanakuwa ndani ya folda lisilo na jina kabisa, usilipite.

Sasa hilo la intaneti. Stuxnet, kirusi kilichogundulika 2010, kiliharibu mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Iran, na zile mashine hazikuwa kwenye intaneti! Kilikuwa kinatembea kwa flashi, tena kupitia hizihizi shotikati, ulikuwa hata hubonyezi, ukilifungua folda ukaziona ikoni tu kimeshaingia. Marekani na Israel ndo wanaotajwa kukitengeneza. Kwa hiyo inakuhusu, kaunta yako flashi za chuo kizima zinapita hapo.

Halafu kuinyima intaneti kunakuumiza, Windows haipati apdeti. WannaCry, kirusi cha Mei 2017 kinachofunga mafaili na kudai hela, kilifunga kompyuta za hospitali Uingereza wagonjwa wakarudishwa, wakati Microsoft walishatoa dawa yake tangu Machi. Nunua bando hata mara moja kwa wiki, apdeti Windows na antivairasi, na ukiweza tenga kompyuta moja ya kupokelea flashi tu, mambo yako ya hela yasikae humo. Nakuomba sana pia, zile skani za NIDA na vyeti vya watu zinazobaki kwenye desktopu, zifute kila jioni kabla hujashusha shata.